Kusini walishinda sana mwanzoni, lakini angalia walishindia wapi

Kila ikianza stori ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865, majimbo ya Kusini yalipojitenga) lazima atokee mtu aulize, jamani Kaskazini walikuwa na watu kama milioni 22, viwanda, reli, benki, manowari, Kusini wako milioni 9 na katika hao milioni 3 na nusu ni watumwa, sasa ilikuwaje miaka miwili ya mwanzo Kaskazini wakawa wanapigwa tu? Na jibu huwa lilelile, eti wa Kusini walikuwa wanaume zaidi, wamekulia mashambani, wanajua farasi na bunduki, halafu wana Jenerali Robert E. Lee. Mi jibu hilo silipendi. Ukweli kidogo upo, nitaufikia, ila linaficha kitu ambacho ukifungua ramani tu unakiona. Karibu ushindi wote mkubwa wa Kusini wa mwanzoni ulitokea sehemu moja, Virginia, hasa kwenye kipande kati ya Washington, makao makuu ya Kaskazini, na Richmond, makao makuu ya Kusini, kama kilomita 160 hivi. Basi.

Ukihama hapo ukaenda magharibi unakuta picha imegeuka kabisa. Februari 1862, wakati kule Virginia jeshi la Kaskazini bado linafanya gwaride, Jenerali Ulysses Grant wa Kaskazini anachukua Fort Henry, ngome ya mto Tennessee, tarehe 6, anachukua Fort Donelson, ya mto Cumberland, tarehe 16 na mateka zaidi ya 12,000, mwezi haujaisha Nashville imeshaanguka. Aprili New Orleans, mji mkubwa kuliko yote wa Kusini, unaondoka. Juni Memphis nayo. Sasa niambie, hao wanaume wa Kusini kule magharibi walikuwa wamelelewa tofauti?

Tofauti ni mito, kwa sehemu kubwa. Mito ya Virginia inatoka milimani magharibi inaelekea baharini mashariki, kwa hiyo jeshi likitoka Washington kwenda Richmond kila baada ya mwendo fulani linakutana na mto umelala mbele yake, Rappahannock, Rapidan, Chickahominy, na kila mto ni ukuta wa bure kwa anayelinda. Magharibi ni kinyume. Tennessee na Cumberland zinaingia Kusini kabisa halafu zinageuka kumwaga maji kaskazini, kwenye Ohio, yaani ni barabara pana inayoingia hadi sebuleni kwa adui, na mwenye meli za mvuke ni Kaskazini. Tena mkondo wenyewe uko upande wao, Fort Henry meli yao ya Essex ilipigwa kwenye boila ikaharibika, Donelson zikaharibika nyingine, na zote maji yakazirudisha nyuma kwa wenyewe badala ya kuzipeleka kwa adui.

Mfano mzuri wa ule ukuta ni Fredericksburg. Novemba 1862 Jenerali Burnside wa Kaskazini anafika ng'ambo ya Rappahannock na jeshi la zaidi ya watu laki moja, na jeshi la Lee halijafika, mji uko karibu wazi. Anachohitaji ni madaraja ya maboya avuke. Maboya hayapo! Makao makuu yamechelewesha, karatasi hazikwenda kwa kasi inayotakiwa, zaidi ya wiki nzima jeshi limekaa linautazama mto, na Lee ana muda wa kuja taratibu kujipanga kwenye vilima vya ng'ambo. Desemba 13 Burnside akapeleka watu wake wimbi baada ya wimbi kwenye ukuta wa mawe chini ya Marye's Heights, jioni amepoteza kama 12,600, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea, Lee hata nusu ya hao hawafiki. Watu wakisimulia wanasema Lee alikuwa hodari, sawa, lakini siku ile hodari mkubwa alikuwa mto na ofisi ya maboya.

Bull Run ya kwanza, pambano la Julai 21, 1861 karibu na Manassas, Virginia, nayo ni ya kuangalia vizuri. Jenerali McDowell wa Kaskazini ana watu kama 35,000 wasiojua kitu, wengi walijiandikisha kwa siku 90 tu, na kuna rejimenti na betri ya mizinga ambazo siku zao ziliisha wakafungasha wakaondoka huku wenzao wanaenda vitani, wapo pia raia na wabunge waliotoka Washington na vikapu vya chakula kuja kutazama. Kwa wingi McDowell alikuwa anamzidi Beauregard, jenerali wa Kusini aliyekuwa mbele yake. Kilichomuumiza ni kwamba bonde la Shenandoah lilikuwa na jeshi lingine la Kusini chini ya Johnston, na Jenerali Patterson wa Kaskazini, mzee wa miaka 69, kazi yake ilikuwa kumshikilia Johnston asitoke. Hakumshikilia. Johnston akapakia watu kwenye treni wakashuka Manassas, wengine walishuka mchana vita vinaendelea wakapelekwa moja kwa moja kwenye ubavu wa Kaskazini, na ndipo mambo yalipovunjika. Reli ilikuwa nguvu ya Kaskazini kwenye makaratasi, siku hiyo imewafaa Kusini kwa sababu wao walikuwa nyumbani, safari zao fupi.

Sasa ule ukweli kidogo. Jeshi la Marekani kabla ya vita lilikuwa na watu kama 16,000 tu, wengi wametawanyika huko mipakani magharibi. Maofisa karibu 300 walijiuzulu wakaenda Kusini, na hao wakagawanywa kwenye rejimenti mpya kufundisha, wakati Kaskazini ilivishikilia vikosi vyake vya zamani vikiwa vimoja, kwa hiyo vijana wapya wengi waliongozwa na wanasiasa na mawakili. Wapanda farasi nao, Kusini walitangulia kweli, Juni 1862 Jeb Stuart wa Kusini alilizunguka jeshi lote la McClellan, jenerali wa Kaskazini aliyekuwa anaiendea Richmond, na farasi kama 1,200. Haya nayakubali.

Lakini huyo McClellan mwenyewe ni nusu ya sifa za Kusini! Yorktown, njiani kwenda Richmond, Aprili 1862, Jenerali Magruder wa Kusini ana watu wachache sana, anawatembeza kwenye duara waonekane msafara hauishi (jamaa alipenda maigizo), na McClellan akaamini, akakaa mwezi mzima kuvuta mizinga mikubwa, siku ya kuifyatua inakaribia wale wameshaondoka. Halafu zile Siku Saba, mapigano ya wiki moja karibu na Richmond, mwisho wa Juni, mvua zimeijaza Chickahominy na jeshi lake limegawanyika pande mbili za mto, Lee akamshambulia. Watu hawapendi kusikia hili, Lee alipoteza watu wengi zaidi wiki ile, kama 20,000 kwa 16,000, na pambano aliloshinda waziwazi ni Gaines's Mill. Aliyerudi nyuma ni McClellan kwa sababu kichwani mwake alikuwa anapigana na jeshi la watu laki mbili ambalo halikuwepo.

Na kuna wale wasiotajwa kwenye stori za ushujaa. Nani alichimba mahandaki ya Yorktown na Richmond? Watumwa, kwa sehemu kubwa. Wazungu wa Kusini waliweza kwenda jeshini kwa wingi vile kwa sababu shamba na sururu vilibaki mikononi mwa watu waliolazimishwa. Mei 1861 watumwa watatu waliokuwa wanajengeshwa boma la mizinga la Kusini walitoroka kwa mtumbwi wakaingia Fort Monroe, ngome ya Kaskazini huko Virginia, Jenerali Butler akakataa kuwarudisha, na baada yao wakaja wengine kwa mamia, baadaye maelfu. Kila aliyetoroka ni sururu moja imetoka kule, kwa hiyo nguvu ile ya mwanzoni ilikuwa inavuja tangu mwezi wa pili wa vita.

Ndiyo maana ushindi wa Lee kule Chancellorsville, Virginia, Mei 1863, haunishangazi sana hata kama Hooker, kamanda wa Kaskazini, alikuwa na watu mara mbili ya Lee. Mito ileile, msitu, na kamanda aliyesimama alipotakiwa kusogea. Akapoteza kama 17,000 akarudi kuvuka Rappahannock. Mwaka mmoja baadaye Grant akaletwa kutoka magharibi, akavuka Rapidan Mei 4, 1864, akapigana na Lee kwenye msitu uleule, akapoteza watu kwa idadi karibu ileile ya Hooker. Safari hii amri ikatoka waendelee kusini. Katikati ya Juni alikuwa ameshafika mto James, wahandisi wake wakatandaza daraja la maboya la zaidi ya mita 600, jeshi likavuka, na Lee alichukua siku kadhaa kuamini kwamba wameshapita.