Kumbukumbu ya Peugeot 504 wagoni: injini imewaka, na si ya Toyota

Kila anayeingia uani kwangu hapa Bamburi, Mombasa, na kukuta boneti iko wazi huwa na ushauri uleule: tia injini ya Toyota umalize kazi. Jirani kasema, shemeji kasema, hata kijana anayeleta maji kwa mkokoteni kasema. Si ushauri wa kipuuzi. Ziko pikapu za 504 zinazobeba mizigo hadi leo na chini ya boneti mna Toyota, na wenyewe wanakula kwa jasho lake. Lakini mimi sibebi mizigo. Mimi ni mhasibu mwenye Jumamosi zake, na nilishaamua gari hili litaamka na injini yake au lisiamke kabisa. Sasa limeamka.

Kwa mnaoanza kufuatilia sasa: ni wagoni ya petroli, ile ndefu ya viti safu tatu, gia ya usukani. Lilitumia miaka yake mizuri kwa kubeba abiria, kisha likaegeshwa Kilifi chini ya mkungu na likasahauliwa hapo. Umbo lake ni kazi ya Pininfarina. 504 ilizinduliwa Ufaransa 1968, na ya 1969 ikawa Gari la Mwaka barani Ulaya. Huku kwetu sifa ilipatikana vumbini: Ove Andersson alishinda Safari Rally nayo 1975, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile kupe ya V6. Wagoni haikuhitaji kombe. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.90, wakati saluni ni 2.74, na nyuma inakalia springi nne za koili, mbili kila upande. Watu wa teksi za masafa waliipendea hapo. 504 ziliendelea kuunganishwa Kenya hadi 2004, ndiyo maana ukizunguka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road kule Nairobi kwa subira bado unarudi na kitu mkononi.

Injini ni XN1, cc 1971, bloki ya chuma na silinda hedi, yaani kile kichwa kinachofunika silinda kwa juu, ya alumini. Kilichoiua ni maji. Visima vingi vya huku pwani vina chumvi, na dereva akikuta rejeta imepungua njiani hujaza anachopata. Alumini na maji ya chumvi havikai nyumba moja. Nilipoinua hedi, matundu ya kupitishia maji yalikuwa yameliwa kingo, na oili iliyotoka kwenye sampu ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, ishara kwamba maji yameingia humo. Nikaweka rula ya chuma juu ya uso wa hedi na kupitisha vile vibati vya kupimia nafasi chini yake: katikati imepinda. Karakana ya mashine ya Changamwe ilijaza palipoliwa kwa kuchomelea alumini, ikasawazisha uso. Mwenye mashine akaniambia, "Hii haina kusagwa tena, kaka. Ikipinda tena tafuta nyingine." Nimeyaandika maneno hayo kwa rangi ndani ya kifuniko cha tapeti, kile cha juu kabisa ya injini, atakayefungua baada yangu ayakute.

Sasa nije kwenye silivu, ile mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, maana hapa ndipo ninapobishana na watu wa Toyota. Kwenye injini nyingi silinda zikilika, bloki hupelekwa kuchongwa, unanunua pistoni za ovasaizi, yaani nene zaidi, na baada ya kuchongwa mara kadhaa bloki imekwisha. XN1 haina mambo hayo. Silinda zake ni silivu zinazosimama ndani ya bloki, maji yakizizunguka moja kwa moja, na huchomoka. Unanunua seti ya silivu nne na pistoni zake za milimita 88, unatoa kuukuu, unaweka mpya, na bloki haisogei kwenda kwenye mashine yoyote. Mtu mwenye ua, meza imara na utulivu anaweza kuifanya upya injini nzima nyumbani. Kuitupa injini ya namna hii kwa sababu "imechoka" ni kutupa sufuria kwa kuwa chakula kimekwisha.

Utulivu ndio wenyewe, lakini. Chini ya kila silivu kuna sili nyembamba, na juu silivu hutakiwa itokeze kidogo sana kupita uso wa bloki, vipande vya milimita, ili hedi ikikazwa ibane gasketi sawasawa. Ikitokeza kidogo mno gasketi inavuja. Ikiizidi jirani yake, hedi inakaa upande. Kwa hiyo unaiweka kwanza kavu bila sili, unapima, ndipo unachagua sili ya unene unaofaa. Mahali silivu zinapokalia ndani ya bloki nilipasugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka chuma kikang'aa, kwa sababu punje moja ya kutu hapo huharibu kipimo chote. Na silivu zikishakaa, krenki, ule mhimili unaosukuma pistoni, haizungushwi hovyo kabla hedi haijafungwa. Pistoni ikipanda huvuta silivu nayo, sili inachanika, na maji yanarudi palepale kwenye oili. Mimi nilizibana kwa washa kubwa na vipande vya paipu, bolti zikikazwa kwenye matundu ya bolti za hedi. Haipendezi macho, ila silivu hazikutikisika.

Anayetoka kwenye magari ya Japani ajihadhari na jambo moja: Peugeot huhesabu silinda ya kwanza kutoka upande wa flaiwili, lile gurudumu zito lililo upande wa gia, si upande wa rejeta. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2 kama kawaida, lakini ukianza kuhesabu mbele cheche inafika silinda ambayo valvu zake bado hazijafunga, na moto unaweza kurudi kupitia kabureta. Nafasi za tapeti nilizipima injini ikiwa baridi: milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza, 0.25 kwa za ekzosi.

Siku ya kuwasha nilimwita Ami, mzee wa Majengo aliyeyafungua magari haya tangu ujana wake. Mimi nilikuwa na haraka, yeye hakuwa nayo. Alitoa plagi zote nne, akaniambia nizungushe stata hivyo hivyo. "Iache inywe oili kwanza, mwanangu. Ilikuwa na kiu kabla hujaijua." Taa ya oili ilipozimika ndipo akarudisha plagi mwenyewe, moja moja, akizianza kwa vidole bila spana. Iliwaka kwa moshi mwingi wa oili niliyoipaka wakati wa kuifunga, halafu ikatulia. Ikaachwa ipate moto, ikapoa, hedi ikakazwa tena na tapeti zikapimwa upya. Watoto wa mtaa walipiga makofi. Mke wangu aliuliza kama sasa meza ya jikoni inaweza kurudi.

Feni nayo ina hadithi. 504 ina feni isiyozunguka wakati wote. Kwenye puli ya pampu ya maji kuna sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi ya joto hupeleka umeme kupitia brashi ya kaboni, sumaku inainasa feni. Yakipoa, inaiachia. Karibu kila 504 niliyoichungulia huku feni imefungwa kwa bolti izunguke daima, na hii pia ilikuwa hivyo. Nilifungua bolti, nikakuta sumaku ni nzima na kilichoisha ni brashi tu. Nikachukua brashi ya drili mbovu, nikaipiga tupa hadi ikaingia. Ami anaona ni mchezo wa watoto. Labda. Lakini kuisikia feni ikinaswa yenyewe katikati ya mngurumo kumenifurahisha kuliko hata siku ya kuwasha.

Kutu ndiyo inayonikosesha usingizi kuliko injini. Majani ya mkungu yalijaa kwenye mifereji chini ya kioo cha mbele, yakaweka unyevu miaka yote hiyo, na hewa ya bahari ikamalizia. Wagoni haina chasisi ya pekee. Bodi ndiyo kila kitu, na vichwa vya shokabsoba za mbele vimeshikiliwa na mabati ya ndani ya madigadi. Upande wa kulia bisibisi ilipenya. Fundi wa bodi niliyempata kwanza alitaka kupaka puti na kupiga rangi juu yake. Nilimlipa nauli tukaagana. Wa pili alikata hadi penye chuma kizima, akachomelea bati jipya na kuliongezea mbavu kwa ndani. Wakiuliza rangi itapigwa lini nawajibu baadaye. Rangi haisimamishi gari.

Kinachofuata ni kusimama, basi. Diski za mbele zimechongwa, lakini silinda za breki za nyuma zimeganda na paipu ya chuma inayopita juu ya ekseli imekula kutu, hivyo nabadilisha laini yote kuanzia masta silinda. Propela shafti imefichwa ndani ya mrija wake hadi kwenye difu, kwa hiyo sijui hali ya beringi mle ndani mpaka nishushe ekseli, na nikishaishusha nitabadilisha bushi zote kwa mkupuo mmoja. Natafuta pia kioo cha taa ya nyuma ya kushoto. Iwe ya wagoni. Ya saluni nimeshaletewa, na haikai.