Jinsi nilivyofaulu kucheza gofu Lubumbashi bila kuzima simu

Kila aliyenikuta uwanjani na simu alinipa ushauri uleule: "Iache ndani ya gari." Wanaosema hivyo, wengi wao wana karani ofisini na mtoto wa kaka anayewapokelea simu, na wengine walishastaafu zamani. Mimi ni deklarante. Kazi yangu ni karatasi za forodha za malori yanayotoka Kolwezi na Likasi yakiwa na shaba na kobalti, yanapita hapa kwetu na kushuka Kasumbalesa kuingia Zambia. Lori likikosa muhuri mmoja linalala mpakani, na likilala, mwenye lori anaanza kuhesabu dola za kila siku, tena anataka zitoke mfukoni mwangu. Mpaka haujui Jumamosi. Raundi nzima ya gofu inakula saa nne hivi. Nikirudi garini baada ya saa nne nikute nini humo, kama si talaka na wateja?

Kwa hiyo simu nimeingia nayo, naendelea kuingia nayo, na hakuna anayelalamika tena. Habari za kujiunga na klabu, viatu na mahali pa kununua fimbo za mtumba sitaeleza, hayo mtu yeyote wa mji huu atakuonesha. Nataka kueleza habari ya simu, kwa sababu hapo ndipo nilipodanganywa sana.

Uongo wa kwanza: "Sheria za gofu duniani zinakataza simu." Niliambiwa hivyo na mzee mwenye sauti nzito, na watu waliokuwa mezani wakatikisa vichwa. Nikaenda kusoma mwenyewe, maana mtu wa forodha hakubali kifungu ambacho hajakiona kwa macho. Sheria hizo zinatungwa na vyama viwili vya gofu, R&A ya kule St Andrews, Uskoti, pamoja na USGA ya Marekani, na zilifanyiwa marekebisho makubwa Januari 2019. Kanuni ya 4.3 inazungumzia vifaa. Simu kama simu haikukatazwa. Unaruhusiwa hata kupimia umbali hadi kwenye bendera kwa programu ya simu, ilimradi klabu haijaweka kanuni yake ya kuzuia. Kilichokatazwa ni kupima kupanda na kushuka kwa ardhi, au kupima upepo ukiwa uwanjani. Ukifanya hivyo unaongezewa mapigo mawili ya adhabu, ukirudia unatolewa mashindanoni. Utabiri wa hali ya hewa unaweza kuusoma. Kusikiliza muziki au habari kwa sauti ndogo bila kuwakera wenzako kunaruhusiwa pia, ila si kuziba masikio ili usisikie kelele wakati wa kupiga.

Sheria inachomkamata nacho mtu wa simu ni kuchelewesha. Kanuni ya 5.6 inapendekeza kila pigo lisizidi sekunde 40 tangu uweze kupiga bila kizuizi, na ukichelewesha mchezo bila sababu ya maana unaongezewa pigo moja, mara ya pili mawili, mara ya tatu kwaheri. Nikamrudishia mzee maneno hayo. Akasema vijana wa siku hizi wanasoma sana.

Halafu akaniletea Augusta, uwanja wa Marekani yanapochezwa mashindano ya Masters. Ni kweli, kule mtazamaji akikamatwa na simu anatolewa nje na anaweza kunyimwa tiketi siku zote. Lakini angalia wanavyofanya: wamewawekea watazamaji simu za mezani pale uwanjani, unapiga bure. Nikamwambia, "Mzee, niwekeeni simu ya bure pale shimo la saba, na mimi yangu nitaiacha nyumbani kwa mama watoto." Isitoshe, huko kwingine walishalegeza. PGA Tour, mashindano ya kulipwa ya Marekani, iliruhusu watazamaji kuingia na simu mwaka 2011, na mashindano ya The Open ya Uingereza ikafuata mwaka 2012. Hakunijibu, aliagiza maji.

Ushauri wa pili ulitoka kwa rafiki yangu anayeuza simu kule Kenya, mtu ambaye hajawahi kukanyaga nyasi za gofu: "Weka mtetemo, nani atasikia?" Hebu fikiria mfuko wa gofu ulivyo. Sheria inaruhusu fimbo 14, nyingi za chuma, vichwa vinagusana juu. Mimi simu niliitia katika mfuko mdogo wa pembeni, juu ya mipira. Tukafika grini, pale penye nyasi fupi na shimo. Mchezaji mwenzangu, wakili mzee, alikuwa amebakiza mpira hatua mbili tu kutoka shimoni, na pigo lile lilikuwa limebeba bia za watu wanne. Akachuchumaa, akasoma mteremko. Akasimama. Akarudi kuchuchumaa upande wa pili. Akaondoa jani moja ambalo halikuwa na ubaya wowote. Akashika fimbo, akapumua, akaivuta nyuma.

Dereva wangu wa Kasumbalesa akapiga hapohapo.

Haikulia kama simu. Ililia kama sahani zote za harusi zinazotikiswa ndani ya gunia. Kwanza mipira ikasema trrr, halafu chuma kikaitikia chuma, na mfuko wenyewe, uliokuwa umesimama kwa vile vimiguu vyake viwili, ukaanza kutembea. Naapa ulitembea. Ulikwenda kama nusu hatua, ukaanguka kifudifudi na fimbo zikamwagika. Mpira wa mzee ukapita kando ya shimo, ukaendelea na safari hadi nje ya grini. Hakufoka. Aliutazama mfuko, akanitazama mimi, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, humo ndani umemfungia nani?" Makedi, vijana wanaotubebea mifuko, walikufa kwa kicheko. Mpaka leo mfuko wangu wanauita Kasapa, jina la gereza letu kubwa, na wakinibebea husema, "Mukubwa, leo Kasapa ni nzito, umeongeza wafungwa?"

Bia nililipa mimi. Zilikuwa nyingi kuliko za watu wanne, maana habari ilifika mezani kabla yetu.

Ushauri wa tatu: kifaa cha sikioni kisicho na waya. Huo nao ni wa watu wasiofikiri. Nilikivaa siku ya mashindano madogo ya klabu, nikawa naitikia kwa kunong'ona: "Ndiyo... ongeza... hapana, upande wa kulia." Nilikuwa namwelekeza kijana wangu mahali pa kugonga muhuri. Mpinzani wangu akasimamisha mchezo. Kwa Kanuni ya 10.2, ushauri wa mchezo unauomba kwa kedi wako tu, na katika michezo ya wawili wawili kwa mwenzako. Ukiuomba kwa mwingine ni mapigo mawili. Yeye akaamini nina mwalimu sikioni. Ilibidi nimpigie kijana tena kwa sauti ya wazi mbele ya mwamuzi, na kijana, bila kujua anasikilizwa, akaanza kuniuliza habari ya makuta, yaani pesa, ya chakula cha madereva. Nikaachiwa huru. Kifaa nimempa binti yangu.

Basi dawa ilitoka wapi? Ilitoka kwa bipu. Wazazi wetu walitulea kwa bipu wakati unite, yaani muda wa maongezi, ilikuwa ghali: unapiga, ikilia mara moja unakata, mwenzako ameshaelewa. Nikajiuliza kwa nini namlazimisha dereva kuongea nami wakati nusu ya anachotaka kusema ni "tumevuka." Nikanunua kasimu kadogo ka vibonye, kama dola kumi na kitu hivi, betri yake inakaa karibu wiki (umeme ukikatika hutaabiki). Nikaingiza namba za viongozi wa misafara peke yao, kila mmoja kwa jina la mji anakotoka. Nikawafundisha: bipu moja, lori limevuka. Bipu mbili, kuna karatasi inatakiwa lakini inaweza kusubiri hadi nimalize. Bipu tatu mfululizo, moto unawaka, nitapiga sasa hivi. Madereva walifurahi kuliko mimi, kwa sababu bipu haili unite.

Kasimu kakae na nani? Si mimi, na si kwenye Kasapa. Kedi wangu anakaweka mfuko wa shati, kwenye ngozi kabisa, mtetemo anausikia yeye peke yake. Halafu hatamki neno. Ana taulo la kufutia fimbo, kila kedi analo. Taulo bega la kushoto, bipu moja, naendelea kucheza nikitabasamu. Taulo bega la kulia, bipu mbili. Taulo kichwani, bipu tatu. Nikiliona kichwani namalizia pigo langu, nawaambia wenzangu watangulie, nakwenda kwenye miti mbali na grini, naongea kwa kifupi, narudi. Kuna mgeni mmoja wa kampuni ya madini alishawahi kuniuliza kwa huruma kama kedi wangu ana malaria.

Mteja wa Kinshasa ndiye pekee aliyenisumbua kwa mpango huu. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo yeye akiamka na chai yake mimi niko shimo la tatu, na kubipu anaona ni kumshushia heshima. Huyo nilimwandikia ujumbe wa kudumu kwamba Jumamosi asubuhi niko kikaoni. Si uongo, tunakaa sana tukingojea walio mbele.

Siku moja, lakini, mpango wote ulitaka kuvunjika. Nilikuwa nacheza vizuri kupita kawaida yangu, na kawaida yangu si ya kutangaza. Ghafla taulo kichwani. Kabla sijafika kwenye miti taulo likashuka, likapanda tena kichwani. Nikajua lori limepinduka, au mbili zimegongana. Nikachukua kasimu, nikaona jina: Likasi 2. Sikukumbuka kuandika Likasi 2, lakini mtu mwenye hofu hapekui kumbukumbu. Nikapiga. Ikapokea sauti laini ya msichana: "Alo, sheri? Umekula?" Nikageuka kumtazama kedi. Alikuwa amejifunika uso mzima kwa lile taulo. Simu yake ilikuwa imekwisha moto wa betri, akampa mchumba namba ya kasimu kangu, akamwandika Likasi kwa sababu, kwa haki yake, ni kweli dada wa watu anatoka Likasi. Nikamwambia msichana, "Mama, amekula, yuko kazini." Pigo lililofuata lilikwenda majini.

Kamati ya klabu, nayo, ilihitaji mazungumzo. Wana haki kabisa ya kuweka kanuni zao za uwanja, na wakitaka kufungia simu zote katika kabati wanaweza. Mimi sikuenda kubishana nao kuhusu uhuru. Nilikwenda na daktari mmoja wa uzazi anayecheza nasi, nikamwacha aongee yeye, maana hakuna mzee wa kumwambia daktari wa akina mama wajawazito azime simu. Ukitaka jambo lipite kwenye kamati yoyote, tafuta mtu wa namna hiyo akutangulie. Tulikubaliana: hakuna mlio, hakuna kuongea pale pa kupigia pigo la kwanza wala karibu na grini, anayeongea anasogea pembeni, na kundi la nyuma likifika linapita.

Kuna mmoja alitaka simu zizuiwe msimu wa mvua kwa madai kwamba zinavuta radi. Haya ndiyo maneno yanayonichosha. Simu haivuti radi. Kuanzia Novemba radi za hapa Katanga si za mchezo, lakini kinachokuponza ni kusimama katikati ya uwazi wewe ndiye mrefu kuliko vyote, au kujibanza chini ya mti ulio peke yake. Kanuni ya 5.7 inakuruhusu kusimamisha mchezo mwenyewe ukiona kuna hatari ya radi, huhitaji ruhusa ya mtu. Zima mchezo, kimbilia jengo au gari. Simu nenda nayo, utaihitaji kuwaambia nyumbani kwamba bukari, yaani ugali, wasiiandae sasa, unachelewa.

Gharama zangu sijaziandika popote. Kasimu, unite kidogo, na kedi namwongezea kitu juu ya malipo yake ya kawaida. Hapo kwenye kitu ndipo mambo yamebadilika. Daktari alipoona taulo linavyofanya kazi akaleta kasimu kake, wakili mzee wa ile bia naye akaleta kake, na sasa kijana ana mifuko ya shati miwili imejaa na alama mpya za taulo ambazo hata mimi sizielewi zote. Juzi aliniambia bei imepanda kwangu pia. Nikauliza kwa nini, wakati malori yangu yametulia. Akasema, "Mukubwa, simu ya daktari inatetemeka kuliko zote, na moyo wangu uko upande huohuo." Tumeafikiana nusu ya alichotaka, na kasimu ka daktari kahamie mfuko wa suruali.