Shikamoo ya kwenye buti

Jana jioni nilikuwa nakunja vioo vya pembeni kabla ya kuingia nyumbani, binti yangu akauliza, "Baba, geti letu si linapitisha hata fuso? Unakunja vioo vya nini?" Nikamwambia mazoea. Hakuridhika.

Mazoea yenyewe yalianza 2018, baada ya yale ya Sinza, Dar es Salaam, tulikokuwa tumepanga. Pale gari lililala kando ya barabara, mlinzi tunampa buku kwa usiku, na bado asubuhi moja tukakuta vioo vyote viwili vimeng'olewa. Nikaenda Gerezani kununua vingine; mke wangu hadi leo anaapa vilikuwa vilevile vya kwetu. Kodi ilipokaribia kuisha nikasema nyumba inayofuata lazima iwe na fensi, geti na paking. Yeye akauliza, "Na maji?"

Dalali tuliyempata alikuwa na jibu moja. Maji? Yapo. Luku ya kujitegemea? Ipo. Paking? "Bosi, paking ya kumwaga!" Wiki mbili tulizunguka Tabata, Segerea, Kimara, kila safari shilingi 10,000 ya kuonyeshwa, na kila paking ya kumwaga ikageuka kuwa ukingo wa mtaro, au uwanja ambao wapangaji sita wanaanikia nguo.

Kisha Kinyerezi. 250,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mkupuo, na mwezi mmoja wa dalali. Vyumba viwili, bomba la maji mpaka jikoni. Nilimwona mke wangu anapima sebule kwa macho, makochi yakae wapi. Mimi nikataka kujaribu paking kwanza.

Kati ya ukuta na simtanki la mpangaji wa nyuma palikuwa na kichochoro. Gari letu, Toyota IST, lina upana wa mita 1.7 hivi, dalali alikuwa ameshapima kwa hatua zake. "Njoo bosi, njoo, inapita, njoo." Nikakunja vioo. Likaingia lote, taratibu, bila mkwaruzo, dalali akapiga makofi. Nikazima, nikasukuma mlango. Ukafunguka kiasi cha kupitisha mkono. Wa upande wa pili, kiganja tu.

Ningeweza kurudi nyuma yakaisha. Lakini dalali alishafika kwenye buti. "Bosi, hii gari ina milango mitano!" Akaufungua. Sijui kwa nini nilikubali. Nadhani nilichoka kuonyeshwa nyumba. Nikalaza siti ya nyuma, nikatambaa, kichwa kikatangulia kutoka, na hapo ndipo mama mwenye nyumba alipotokea, kanga kiunoni, ungo wa mchele mkononi.

Adabu ni adabu. "Shikamoo, mama," nikasema, nimepiga magoti ndani ya buti, mkono mmoja juu ya jeki.

Hakuitikia mara moja. Alilitazama gari, akamtazama dalali, akanitazama mimi. Akachagua chuya moja kwenye ungo, akaitupa.

"Marahaba, baba. Unatokea wapi?"

Mke wangu alikalia ngazi akacheka mpaka machozi. Njiani kurudi alikuwa kimya, kisha akauliza, "Hivi tunatafuta nyumba tulale sisi, au lilale gari?"

Hatukuichukua. Tukaishia Goba, uwanja wa kutosha magari manne. Masika ilipoanza njia ikawa korongo, gari likalala huku chini kwa mangi, buku kwa usiku, sisi tunapanda kilima viatu mkononi. Maji ya bomba yalitoka siku yalipotaka. Mke wangu hakusema neno. Angesema, ningejisikia nafuu.

Jana nilimsimulia binti yangu kidogo tu, ile sehemu ya shikamoo. Akacheka. Halafu akauliza, "Ndiyo ile nyumba iliyokuwa na bomba jikoni?"

Mimi bomba sikumtajia.