Tahajia ya jina la mtoto si ya karani kusahihisha

Nafanya kazi masjala ya hospitali, upande wa mafaili ya watoto. Mzazi anafika dirishani, anataja jina la mwanawe, naandika ninavyosikia, kisha namgeuzia skrini aone. Mara nyingi anatikisa kichwa. "Siyo hivyo. Weka y pale kwenye i, na n ziwe mbili." Nafuta, naandika upya kama anavyonitajia, herufi baada ya herufi. Miaka ya kushinda na majina ya watoto wa watu imenipa msimamo ambao nataka wazazi na makarani wenzangu wausikie. Mtoto akishaandikishwa, tahajia ya jina lake ni mali yake. Hakuna mwenye ruhusa ya kuinyoosha, hata kama machoni petu inaonekana imepinda.

Nalisema hili kwa sababu kunyoosha ni tabia ya wengi wetu tunaokaa nyuma ya madirisha. Karani anaona jina lina h ambayo haisikiki, anaiondoa. Anaona Brayan, anaandika Brian, akiamini kabisa kwamba amemsaidia mtoto. Hajamsaidia. Amemzaa mtu wa pili kwenye makaratasi. Kuanzia siku hiyo kuna mtoto mmoja mwenye kadi ya chanjo inayosema hivi na cheti cha kuzaliwa kinachosema vile, na atakayehangaika kuthibitisha kwamba hao wawili ni mtu mmoja ni yeye, tena akiwa mtu mzima, siku anayotafuta pasipoti au kazi.

Mfano ninaoupenda ni wa Dwyane Wade, yule mchezaji wa mpira wa kikapu aliyetwaa ubingwa wa NBA mara tatu na Miami Heat. Kiingereza kimezoea Dwayne, a ikitangulia y. Yeye ni Dwyane, na baba yake pia ni Dwyane. Mtu asiyejua akiliona jina hilo atadhani mwandishi ameteleza. Hakuna aliyeteleza: ni jina la baba lililopita kwa mwana likiwa na herufi zake zote mahali pake. Karani angelinyoosha, angekata uzi huo kati ya baba na mtoto bila hata kujua kwamba ulikuwapo.

Upo pia mfano wa jina lililopindishwa na midomo ya watu. Oprah Winfrey, yule mtangazaji wa televisheni wa Marekani, alipozaliwa alipewa jina Orpah, yule mkwe wa Naomi katika kitabu cha Ruthu, ambaye Biblia ya Kiswahili inamwita Orpa. Watu hawakuweza kulitamka, wakawa wanaipeleka p mbele ya r, na hatimaye Oprah ndilo likabaki. Kwake yeye liliishia vizuri. Ninachokiona pale, hata hivyo, ni jinsi jamii nzima inavyoweza kumbadilishia mtoto jina taratibu, bila kumuuliza na bila mtu yeyote kukusudia.

Sasa, kwa nini jina moja linakuwa na sura nyingi hivi? Sisi tunaosoma na kuandika Kiswahili tumezoeshwa kwamba kinachosikika ndicho kinachoandikwa, kwa hiyo tunadhani kila jina lina njia moja iliyo sahihi. Majina yenyewe lakini yametoka mbali. Jina la Kiarabu huandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo kwa kawaida haionyeshi irabu fupi. Likivuka kuja kwenye herufi za Kirumi kila jamii hulivusha kwa sikio lake, ndipo tunapata Mohamed, Muhammad, Mohammed, Aisha, Aysha, Ayesha. Majina ya Kiingereza nayo yana mlango mpana zaidi, kwa kuwa sauti moja ya Kiingereza huweza kuandikwa kwa namna nyingi: Catherine, Katherine na Kathryn, au Jackson na Jaxon. Zote hizo ni halali. Zinakuwa tatizo pale tu mtu mmoja anapoandikwa kwa mbili kati yake.

Watu wa kumbukumbu walilijua tatizo hili zamani. Mwaka 1918 Mmarekani Robert C. Russell alipata hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu, ya mbinu iliyozaa mfumo unaoitwa Soundex, unaopanga majina kwa sauti badala ya herufi. Baadaye ulitumika kutengeneza faharasa za sensa za Marekani. Kanuni yake inafahamika kwa dakika chache: unaacha herufi ya kwanza ilivyo, unatupa irabu pamoja na h, w na y, kisha konsonanti zinazofanana sauti unazipa tarakimu moja. B, f, p na v ni 1. C, j, k, s na x ni 2. D na t ni 3. M na n ni 5, r ni 6. Zenye tarakimu moja zikigusana zinahesabiwa mara moja. Unachukua tarakimu tatu za mwanzo. Zikipungua unajazia sifuri. Jackson na Jaxon yote yanatoka J250. Aisha na Ayesha yote A200. Karani akitafuta moja, la pili linajitokeza.

Niliposoma kanuni hiyo nilikaa na kalamu nikaanza kuipima kwa majina ninayokutana nayo, na hapo ndipo niliposhawishika kwamba hakuna mashine itakayotuondolea wajibu wa kuuliza. Khadija inatoka K320, Hadija inatoka H320. Kwa mfumo huo ni watu wasiohusiana, kwa sababu tu herufi ya kwanza haiguswi. Catherine na Katherine nao wanatengana vivyo hivyo, C365 na K365. Geuza upande wa pili: Mohamed ni M530, na Mahmoud, ambalo ni jina tofauti kabisa, nalo ni M530. Hospitalini tofauti hiyo ni ya mtoto mmoja kupewa dawa iliyoandikiwa mtoto mwingine. Ndiyo maana pamoja na jina tunauliza tarehe ya kuzaliwa na jina la mama, na ndiyo maana naomba wazazi wasituchoke tunapouliza tena swali lile lile tulilouliza wiki iliyopita.

Mashine nyingine inayofaa kufikiriwa kabla ya kuchagua tahajia ni ile inayosoma pasipoti. Ile mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha inafuata kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, na inakubali herufi A hadi Z, tarakimu, na alama ya kujazia nafasi basi. Hakuna ritifaa humo. N'Golo Kanté, kiungo wa Ufaransa, humo anasomeka NGOLO KANTE. Æ inakuwa AE. Kwa msomaji wa Kiswahili hili lina uzito wake, maana kwetu ritifaa ni sauti: ng' ikipoteza ritifaa inasomeka ng, na jina linageuka mdomoni. Nisingemwambia mzazi aache jina lenye ng' kwa ajili ya mashine. Ningemwambia ajue tu kwamba alama ile itadondoka mahali fulani njiani, na mtoto afundishwe mapema kueleza kwa nini.

Zipo nchi ambazo uamuzi huu haukuachwa kwa mzazi peke yake. Iceland ina kamati ya majina iliyoanzishwa mwaka 1991, na jina jipya sharti liweze kubeba viambishi vya sarufi yao na liandikwe kwa kufuata tahajia yao. Jimbo la California, Marekani, halipokei tarakimu kwenye jina, kwa hiyo mwaka 2020 Elon Musk na mama wa mtoto wao walilazimika kuibadili 12 iliyokuwa kwenye jina X Æ A-12 kuwa Xii. Ufaransa ililegeza masharti yake mwaka 1993, lakini mwaka 2017 mahakama ya Quimper ilikataa jina Fañch kwa sababu ya ile ñ. Fañch ni jina la Kibretoni, la watu wa pale pale. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya Rennes iliwapa wazazi haki yao, na nilifurahi kama vile ni ndugu zangu walioshinda. Herufi inayotoka kwenye lugha ya wazee wa mtoto inastahili kupiganiwa hata mahakamani.

Herufi iliyowekwa ili jina lionekane la kipekee tu, hiyo siipendi, nalisema wazi. Mwimbaji Barbra Streisand, aliyezaliwa Barbara, aliiondoa a ya katikati mwenyewe, akiwa msichana anayejijua, kwa jina lake na kwa hiari yake. Mtoto wa siku tatu hajachagua. Yeye ndiye atakayetaja herufi zake kwa kila mwalimu, kila karani, kila mtu wa kwenye simu, kwa maisha yote. Kabla ya kuandikisha, mtamkie jina hilo mtu asiyelijua, mpe kalamu aliandike. Kisha mwandikie mtu mwingine, asome kwa sauti. Wote wawili wakikosea, fikirini tena, kama hakuna bibi au lugha nyuma ya tahajia hiyo.

Na wenye mapacha, nawasihi. Mapacha wana tarehe moja, mama mmoja, baba mmoja, anwani moja. Kila kitu tunachotumia kumtofautisha mtoto na mwingine kwao kinafanana isipokuwa jina la kwanza. Mkiwapa majina yanayotengana kwa herufi moja, mmeacha usalama wao wote uning'inie kwenye herufi hiyo, saa nane za usiku, mbele ya muuguzi aliyechoka. Wapeni majina yanayoanza kwa sauti tofauti.

Kuna swali ambalo wazazi huniuliza sana: kama nyaraka zimeshatofautiana, nifanyeje? Cheti cha kuzaliwa ndicho mama wa nyaraka nyingine. Kichukue, kilinganishe na kadi ya kliniki, na orodha ya shule, na bima, na popote mtoto alipoandikwa, herufi kwa herufi, kwa kidole. Penye tofauti, omba parekebishwe kufuata cheti, mapema, kabla mtoto hajasajiliwa kwa mitihani ya taifa, kwa sababu cheti cha mtihani kikishachapishwa kukibadili ni safari ndefu. Ikiwa cheti cha kuzaliwa chenyewe ndicho kilichokosewa, anza na hicho. Na mtoto akiwa na umri wa kuelewa, muulize kwanza yeye anajiandikaje.