Ukuta Nao Unapiga Muziki

Mwenye shughuli akishalipa anataka aone spika nyingi. Namwelewa, spika zinatoka vizuri kwenye picha. Lakini mimi ndiye ninayefunga mitambo ya sauti kwenye harusi na sendofu hapa Dar es Salaam, na nikifika ukumbini, kabla vijana hawajashusha hata waya mmoja, nasimama katikati ya ukumbi mtupu na kupiga kofi moja kali. Wahudumu wanaopanga viti hunitazama, mwanamke mzima anajipigia makofi peke yake. Waache watazame. Kwenye kumbi hizi za siku hizi, marumaru chini, vioo ubavuni, jipsamu juu, kofi moja linarudi mara nne, mara tano, na hapo najua usiku huo nitapambana na kuta kuliko nitakavyopambana na dijei.

Kwenye joto letu sauti inakwenda karibu mita 350 kwa sekunde. Ukuta wa nyuma ukiwa mita 25 kutoka kwa MC, neno lake linakwenda na kurudi mita 50, nalo linachukua kama sehemu moja ya saba ya sekunde. Ni kama muda wa silabi moja kwa mtu anayezungumza haraka, na MC gani asiyezungumza haraka? Basi kila silabi anayoitoa inakutana na ile iliyotangulia ikiwa inarudi. Mzee aliyekaa meza za mwisho anasikia makelele, haambulii jina la mtu hata mmoja, anamtuma kijana, kijana anakuja: "Dada, ongeza sauti, nyuma hawasikii." Nikiongeza, mwangwi nao unapanda kwa kiasi kile kile. Mzee atasikia makelele makubwa zaidi.

Dawa yake ni kupeleka spika ndogo kule kule nyuma, ziwe karibu na meza zao, kisha kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, naichelewesha kidogo sauti ya spika hizo ili ifike masikioni pamoja na ile inayotoka mbele, au nyuma yake kidogo tu. Mjerumani Helmut Haas alichapisha utafiti wake juu ya jambo hili mwaka 1951: sauti ya pili ikichelewa kwa milisekunde chache, hadi 30 hivi, sikio haliitenganishi na ya kwanza, na mtu huona zote zimetoka kule ilikotoka ya kwanza. Mzee wangu anadhani anamsikia MC moja kwa moja. Sijawahi kumwambia vinginevyo.

Besi ina mambo yake mengine, na hapa ndipo hata mafundi wazoefu hubishana mpaka jasho linawatoka.

Mngurumo wa hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, ule unaoupata kifuani kuliko masikioni, una wimbi la urefu wa mita 7. Weka sabufa mita moja na robo tatu mbele ya ukuta. Sehemu ya sauti inakuja moja kwa moja kwa wageni. Sehemu nyingine inarudi nyuma, inagonga ukuta, ndipo inakuja. Imetembea mita tatu na nusu za ziada, nusu ya wimbi kamili. Ya kwanza inaposukuma hewa, ya pili inavuta. Zinauana. Una sabufa ya bei mbaya, amplifaya inachemka, na ile hezi 50 haipo mbele yako. Isukume sabufa iguse ukuta: tofauti ya safari inakwisha, ya moja kwa moja na iliyogonga zinakuja zimeshikana, na besi inaongezeka bure bila kuongeza hata wati moja. Kwenye kona inazidi tena, kwa sababu hapo kuna kuta mbili na sakafu.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, nenda Forodhani, Unguja, maji yakiwa yamejaa mpaka kwenye ukuta wa bahari. Wimbi linaingia, linagonga, linarudi, linakutana na mwenzake anayekuja. Pale pale ukutani maji yanaruka juu kuliko wimbi lenyewe lilivyokuwa, na hatua kadhaa mbele kuna sehemu ambapo maji karibu hayapandi wala hayashuki. Ndivyo hewa ya ukumbini inavyofanya. Aliyeegemea ukuta wa nyuma anasema besi inamuumiza, aliye mbele yake hatua moja anauliza kama sabufa imewashwa. Wote wawili wanasema kweli.

Ule mtindo wa kuweka sabufa moja kulia na moja kushoto ya jukwaa siupendi, hata kama unapendeza kwenye picha. Katikati ya ukumbi zote mbili zinafika pamoja, kwa hiyo meza ya maharusi inatikisika hadi glasi. Sogea pembeni hadi mahali ambapo moja iko mbali kuliko nyingine kwa mita tatu na nusu, besi inapotea, na mashangazi waliokaa huko wanacheza muziki usio na kiuno. Zote naziweka pamoja, sehemu moja. Wenye shughuli hununa kidogo mwanzoni.

Kuna jambo moja ambalo kila nikilifikiria linanifurahisha. Wimbi la redio ya FM kwenye megahezi 100 lina urefu wa mita 3. Sauti ya hezi 100 ina mita tatu na nusu. Redio inakwenda kwa kasi inayokaribia kuizidi sauti mara milioni moja, na inatikisika mara milioni moja zaidi, kwa hiyo urefu unatoka karibu sawa. Majengo yaleyale yanayoharibu besi yangu yanaharibu na redio ya gari lako, kwa hesabu ileile. Uko kwenye foleni ya Samora katikati ya maghorofa, wimbo umeingia mikwaruzo. Foleni inasogea chini ya mita moja, wimbo unarudi safi. Umetoka tu kwenye bonde la mawimbi ukapanda kilima. Kwa Wi-Fi ya gigahezi 2.4, yenye wimbi la sentimita 12 na nusu, kuisogeza simu vidole viwili kunaweza kutosha.

Waliokuwa na runinga za zamani wanakumbuka picha mbili mbili, msomaji wa habari na mwenzake hafifu begani. Huyo wa pili alitoka kwenye ghorofa. Jengo likiwa mita 150 nyuma ya antena yako, wimbi linasafiri mita 300 zaidi na kuchelewa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwenye kioo cha inchi 21, huko ni kusogea kama milimita 8 kulia. Ungeweza kupima umbali wa jengo kwa rula. Analojia, ile mitambo ya zamani ya matangazo ya runinga, ilipozimwa Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, yule jamaa wa begani akaondoka naye, maana matangazo yanayoingia kwenye king'amuzi yamepangwa na nafasi ndogo ndogo za kuusubiri mwangwi upite.

Sasa, vijana wenye studio za chumbani mnaoniandikia kuuliza kama trei za mayai zikibandikwa ukutani zitaua mwangwi: hapana. Mwaka 1895 mwanafizikia Wallace Sabine, kule Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipewa chumba cha mihadhara ambacho sauti ilidumu ndani yake zaidi ya sekunde tano. Usiku alibeba mito ya viti kutoka jumba jingine la chuo, akaijaza humo na kupima kwa saa sauti inavyokufa. Kinachokula sauti ni kitu kinene chenye matundu ya kupitisha hewa, na kinahitaji unene, au nafasi nyuma yake, unaokaribia robo ya wimbi. Trei ina sentimita tano, itagusa sauti nyembamba tu, huku besi ikipita kama haikuiona. Chukueni godoro kuukuu la sufi, lisimamisheni kwenye kona, liacheni mbali kidogo na ukuta, kisha pigeni kofi tena.