Ndoo Moja ya Maji

Machi 2011, masika ndiyo kwanza yanaanza, tulikuwa tunamwaga slabu ya ghorofa ya kwanza kwenye nyumba moja kule Mbezi. Mimi saidia fundi, kidato cha nne nilimaliza mwaka uliotangulia, na siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kukabidhiwa mashine ya zege. Nilijiona mtu. Mfuko mmoja wa saruji, mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba. Maji huwa ndoo moja na robo, lakini asubuhi ile foromani alipita, akashika mchanga, akasema, "Leo maji ndoo moja, usizidishe." Akaenda zake kukagua mirunda.

Kufika saa nne wasukuma toroli wakaanza kelele. "Dogo, zege gumu hili, halitoki! Ongeza maji bwana." Watu wazima, wana mikono kama magogo, mimi nani nibishane nao? Nikaongeza nusu ndoo. Wakanisifu.

Foromani hakuambiwa na mtu. Alikuwa chini ya slabu, akaona maji ya kijivu yanachuruzika kwenye maungio ya mbao na kumdondokea begani. Akaja taratibu, akazima mashine mwenyewe.

"Umeongeza maji?"

"Ndiyo, mzee."

"Toroli ngapi?"

"Mbili."

Akakaa kimya. Nyuma yake mafundi wamesimama na machepe, na zege halilali, kila mtu anajua. Akauliza tena, kwa sauti ileile, "Toroli ngapi, kijana?"

"Sita."

Akapanda juu nami, tukalichota lile zege jepesi kutoka katikati ya nondo, yeye chepe lake, mimi langu. Toroli sita, moja baada ya nyingine, tukazimwaga kwenye shimo nyuma ya choo. Hakutukana. Wale walionisifu walikuwa wanaangalia pembeni, na yeye hakuwauliza kitu. Hapo ndipo nilipoumia zaidi. Tulimaliza kumwaga usiku, kwa taa za gari la mwenye nyumba.

Jumamosi kwenye malipo akanikata nusu siku. Nilimwombea mabaya njia nzima hadi Kimara. Leo, baada ya kupitia mikononi mwa mabosi kadhaa wa ofisini wanaokukaripia kwa barua pepe huku wakituma nakala kwa idara nzima, naona nusu siku ilikuwa bei rahisi.

Wiki iliyofuata tulikuwa na ngazi ya kumwaga. Nilijua nitarudishwa kubeba kokoto, nikaenda moja kwa moja kwenye rundo lake. Akaniita.

"Unaenda wapi? Mashine yako ile."

Usiku kulikuwa kumenyesha. Akachota mchanga, akanitia kiganjani. "Fumbata." Nikafumbata, nikafungua. Ukabaki tonge, umeshikana, alama za vidole zinaonekana.

"Huu umeshakunywa maji," akasema. "Siku ile nilitakiwa nikuonyeshe, sikukuonyesha. Sasa, ndoo ngapi?"

"Moja."

"Na wakikupigia kelele?"

"Waje kwako, mzee."

Akacheka kidogo, akajipangusa mikono kwenye suruali. Sikumwona tena hadi saa ya chai.