"Daktari, Unataka Nitie Saini Wapi?"

Nilipotangaza kwamba naingia kwenye sera ya afya, profesa aliyenifundisha tiba aliniambia kuwa sera ni kimbilio la madaktari waliochoshwa na wagonjwa. Mwingine, ambaye namheshimu zaidi, alinipa ushauri uliokuwa na madhara kuliko dharau ile: nichapishe makala nyingi katika majarida makubwa, na sera itafuata yenyewe. Nilimtii kwa miaka sita. Makala zilitoka, zikanukuliwa na watafiti wenzangu, nasi tukaendelea kushawishiana wenyewe kwa wenyewe juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu alikwisha kuliamini.

Kilichonitoa wodini hakikuwa tamaa ya cheo. Nilikuwa nikipokea wagonjwa wa kiharusi ambao hawakuwahi kujua kwamba wana shinikizo la juu la damu, na hilo si ajabu, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye tatizo hilo hawajijui. Wale niliowawahi niliwahimiza wapunguze chumvi, ilhali wengi wao walikuwa wakila chumvi iliyokwisha kutiwa kiwandani, ambayo mkono wao haukuigusa. Geoffrey Rose, mtaalamu wa epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii) wa Uingereza, alieleza mwaka 1985 kwamba sababu za mtu mmoja kuugua si lazima ziwe ndizo sababu za jamii nzima kuwa na ugonjwa mwingi. Nililisoma hilo kwa ajili ya mtihani, nikafaulu, nikalisahau.

Shahada ya afya ya jamii niliisoma jioni baada ya kazi. Ilikula akiba yangu yote na sehemu ya akiba ya mke wangu, na hesabu kamili hatujawahi kuifanya, kwa ajili ya amani ya nyumba.

Mara ya kwanza kuitwa mbele ya kamati ya serikali, kutetea hoja kwamba chumvi inayotiwa viwandani iwekewe kikomo, nilikwenda na slaidi 64. Ishirini za mwanzo zilieleza tu jinsi tulivyochagua sampuli, maana niliogopa kwamba mtu angeihoji, kana kwamba nilikuwa natetea tasnifu. Nilipofika kwenye ya 31, nikiwa katikati ya jedwali ambalo hata mimi nilihitaji miwani kulisoma, mwenyekiti aliinua mkono na kusema kwa upole, "Daktari, nimekuelewa. Sasa unataka nitie saini wapi?" Sikuwa na karatasi yoyote. Nikajibu, Mungu anisamehe, kwamba utafiti zaidi unahitajika. Akanishukuru, akaita ajenda iliyofuata.

Safari ya pili nilikwenda na kurasa nne, nikachanganya sodiamu, ambayo ni sehemu tu ya chumvi, na chumvi yenyewe. Gramu 1 ya sodiamu ni sawa na takriban gramu 2.5 za chumvi, kwa hiyo kiwango nilichopendekeza kingeufanya mkate usilike, na aliyenisahihisha mbele ya wote alikuwa mwakilishi wa viwanda. Yeyote anayeingia kwenye kazi hii ampe mtu mwingine asome vipimo vyake, hata kama ni daktari bingwa. Hasa kama ni daktari bingwa.

Ujanja ulionifaa niliupata kwa mwanasheria aliyekuwa akiandika kanuni za wizara. Nilimwomba anifundishe kifungu kinavyokaa, naye akaniuliza maswali ambayo hakuna mhariri wa jarida aliyewahi kuniuliza: chakula gani, miligramu ngapi kwa kila gramu 100, kuanzia tarehe ipi, nani atapima, na asiyetii atafanywa nini. Tuliziweka mezani kanuni za Afrika Kusini za mwaka 2013, ambazo kwa mkate ziliruhusu miligramu 400 za sodiamu kuanzia 2016, kisha 380 kuanzia 2019, na nikaelewa kwamba zile hatua mbili ndizo zinazowapa waokaji muda wa kubadili mapishi na walaji muda wa kuzoea ladha. Kwa ofisa wa bajeti sikutaja vifo kabisa. Nilimwonyesha gharama ya kusafisha kwa mwaka damu ya mgonjwa mmoja ambaye figo zake zimeharibiwa na shinikizo la juu la damu, akavuta kikokotoo mwenyewe.

Mara ya tatu nilibeba ukurasa mmoja: tatizo kwa sentensi tatu, kifungu kilichokwisha kuandikwa, gharama, na chini kabisa mstari mtupu wa saini. Haikutiwa siku ile. Ilichukua karibu miaka mitatu, viwango vikalegezwa kidogo, na mwakilishi yule wa viwanda akawa mtu ninayempigia simu kabla sijaandika tarakimu yoyote.

Kliniki ya kila Jumanne sijaiacha, na siku nyingine nimerudia kazi ya kitafiti isiyo na heshima yoyote: kukusanya mkojo wa saa 24, ambao ndio kipimo cha kuaminika cha chumvi anayokula mtu. Wiki iliyopita washiriki wawili walisahau chupa zao nyumbani, na watatu wakakiri kwamba ule wa alfajiri waliumwaga.